Utiifu Kwanza, au Mbio za Viunzi? Uchambuzi wa Namna ya Kuingia katika Mashindano ya Mbwa

Kila mwezi wa Machi, maonyesho ya mbwa ya Crufts yafanyikapo mjini Birmingham nchini Uingereza, watu wengi walio mbali na uwanja ule huona katika televisheni na simu zao mbwa akikata mbio bila ya kamba, akiruka viunzi, akipenya bomba la kitambaa na kujipenyeza baina ya vigingi, huku mwenyewe akikimbia kando yake na kumwelekeza kwa mkono na sauti tu. Miongoni mwa watazamaji hao wamo Waswahili waishio Ulaya na Amerika, na wamo wakazi wa miji yetu kama Nairobi. Na baadhi yao, wakisha kustaajabu, huuliza waanzie wapi. Majibu wayapatayo hayapatani. Huyu huambiwa kwamba mbwa asiyejua kukaa, kuitika na kufuatana na mtu hana haja ya kuonyeshwa kiunzi hata kimoja. Yule huambiwa kwamba mazoezi ya utiifu humzima mbwa moyo, na kwamba anayetaka mbio na aanze na mbio. Na wa tatu hushauriwa akanunue mbwa wa kabila fulani, au la sivyo asijisumbue. Mkanganyiko huu una madhara, maana anayeumia kwa nasaha mbaya si mwenye kuuliza peke yake, bali ni mnyama asiye na kauli. Kwa hiyo inafaa rai hizi zipangwe, kila moja ipewe haki yake, na kisha zitiwe katika mizani.

Asili ya michezo hii miwili

Wazo la kumpima mbwa kwa utiifu wake si jambo jipya, wala si la Wazungu peke yao. Fiqhi ya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, ijapokuwa humhesabu mbwa kuwa ni najisi na kutaka kilichoguswa na mate yake kioshwe mara 7, moja kwa mchanga, imemwekea mbwa wa kuwindia masharti ambayo windo lake halihalaliki bila hayo: atumwapo aende, azuiliwapo akome, akamatapo asile, na mambo hayo yakariri hata ibainike kwamba ni mazoea yake wala si sadfa. Hilo kwa hakika ni jaribio la utiifu, na sharti lake la mwisho, la kukariri, tutalikuta tena.

Mashindano ya utiifu kama yajulikanavyo leo yalianza mwaka 1933 huko Mount Kisco, jimbo la New York, pale Helene Whitehouse Walker, mfugaji wa mbwa aina ya Poodle, alipochoshwa na maneno ya watu waliodhani kwamba mbwa wale ni mapambo ya sebuleni tu, akaandaa majaribio ya kudhihirisha akili zao. Mwaka 1936 chama cha wafuga mbwa cha Marekani, American Kennel Club, kiliyakubali na kuyatungia kanuni. Na mwaka 1937 bibi huyo pamoja na msaidizi wake, Blanche Saunders, walifunga safari ndefu kwa gari na mbwa wao, wakizunguka Marekani mji kwa mji kuwaonyesha watu mchezo huo.

Mbio za viunzi, ambazo wenyewe huziita ajiliti, zina nasaba nyingine kabisa. Mwaka 1978, Crufts ilipokuwa bado ikifanyika katika ukumbi wa Olympia mjini London, mjumbe wa kamati yake, John Varley, alitafuta kitu cha kuwachangamsha watazamaji baina ya shughuli moja na nyingine. Naye Peter Meanwell, mkufunzi wa mbwa, akabuni njia ya vizuizi kwa kuiga mashindano ya farasi warukao viunzi. Watazamaji walipendezwa mno, na mwaka 1980 Kennel Club ya Uingereza ikaupa mchezo huo kanuni rasmi. Uliingia Marekani katika miaka ya 1980, American Kennel Club ikaufungulia milango mwaka 1994, na tangu 1996 shirikisho la kimataifa la FCI, lenye makao yake Ubelgiji, limekuwa likiendesha mashindano ya dunia.

Mchezo wa kwanza, basi, ulizaliwa ili kuthibitisha akili na usahihi, na wa pili ulizaliwa ili kufurahisha macho. Ugomvi wa leo juu ya kipi kitangulie umerithiwa kutoka katika nia hizo mbili, na wengi wanaougombania hawana habari ya chimbuko lake.

Yatakiwayo uwanjani

Katika daraja la kwanza la utiifu huko Marekani, mbwa hutakiwa afuatane na mwongozaji wake hatua kwa hatua, akishikamana na mguu wa kushoto, kwanza akiwa na kamba kisha bila ya kamba, naye mwamuzi akiamuru wageuke, waende polepole, waharakishe, wasimame. Hutakiwa asimame bila ya kutikisika wakati mwamuzi aliye mgeni kwake anapomgusa. Aitwapo kutoka ng'ambo ya uwanja aje mbio na kuketi sawasawa mbele ya mwenyewe. Na avumilie kukaa na kulala pale alipoachwa. Alama kamili ni 200. Asiyefikia 170, au asiyepata zaidi ya nusu ya alama za kila zoezi, hakufuzu. Na cheo hakitolewi mpaka mbwa afuzu mara 3, mbele ya waamuzi zaidi ya mmoja. Hapo ndipo sharti la wanazuoni wetu lirudipo kwa sura nyingine: mara moja haitoshi kuwa dalili.

Ukali wa mchezo huu umo katika mambo madogo. Mbwa aketipo upande kidogo, ijapokuwa ametii, hukatwa nusu alama. Katika daraja la juu kabisa hutandazwa chini vitu vya namna moja, aghalabu vya ngozi na vya chuma, ambavyo kimoja tu kati yake kimesuguliwa kwa mkono wa mwongozaji. Mbwa hutumwa, hunusa kimoja baada ya kimoja, na akikipata chenye harufu ya mtu wake hukichukua mdomoni akakileta. Na liko zoezi katika daraja hilo ambalo amri zote hutolewa kwa ishara ya mkono, bila ya neno hata moja.

Ajiliti ina ukali wa namna nyingine. Kabla ya shindano waongozaji huruhusiwa kuipitia njia kwa miguu bila ya mbwa, nao huonekana wakinyoosha mikono hewani, wakigeuza mabega na kupiga hatua za pembeni, wakihifadhi mahali pa kila kona. Kisha mbwa hufunguliwa kamba, na tangu hapo mwongozaji haruhusiwi kumgusa, wala kugusa kizuizi, wala kushika chakula au kichezeo mkononi. Kwa kanuni za FCI njia huwa na vizuizi baina ya 15 na 22, na mpangilio wake hubadilika kila mara, kwa hiyo mbwa hawezi kuukariri. Vigingi ni 12, vimesimamishwa kwa mstari kwa nafasi ya sentimita 60, na sharti mbwa aingie kigingi cha kwanza kikiwa upande wa bega lake la kushoto. Ubao wa kupembea lazima ugonge chini kabla mbwa hajashuka. Daraja la mbao na mbao mbili zilizoegemezwa mfano wa paa, zote zimepakwa rangi tofauti sehemu za chini, na mbwa asipoikanyaga sehemu hiyo huhesabiwa kosa. Sababu yake ni kumzuia asijirushe kutoka juu na kuumia. Wengi huidhani rangi ile kuwa ni pambo, na ilhali ndiyo alama ya huruma iliyotiwa ndani ya kanuni.

Hoja ya wanaotanguliza utiifu

Watu wa rai ya kwanza husema kwamba ajiliti si kitu ila utiifu unaokimbia. Mbwa asiyejua kungoja penye mstari wa kuanzia humtangulia mwongozaji kabla hajapata nafasi ya kumwelekeza. Asiyeitika huondoka uwanjani kumfuata mbwa mwenzake. Asiyeweza kutulia kati ya kelele za mbwa arubaini wanaobweka hafiki hata kwenye kiunzi cha kwanza. Tena huongeza hoja ya gharama, na katika nchi zetu hoja hiyo ina uzito: anayeanza utiifu anahitaji ukanda wa shingo, kamba, kipande cha mti cha kuletwa mdomoni, na uwanja wa kutosha kutembea, ilhali vifaa kamili vya ajiliti ni vikubwa, vina bei, vinataka ardhi tambarare isiyoteleza, na vikitengenezwa ovyo nyumbani huwa hatari.

Udhaifu wa rai hii hauko katika asili yake bali katika namna ilivyotekelezwa kwa miaka mingi. Mbwa aliyefunzwa siku zote ashikamane na mguu wa kushoto, amtazame mtu usoni na asifanye lolote bila ya amri, akipelekwa katika ajiliti hutatizika: hathubutu kwenda mbali, hajui kufanya kazi upande wa kulia, na badala ya kutazama kizuizi humtazama mwongozaji. Wako mbwa waliofuzu vizuri katika utiifu ambao iliwachukua muda mrefu kuamini kwamba wameruhusiwa kukimbia.

Hoja ya wanaotanguliza mbio

Watu wa rai ya pili huanzia penye furaha. Husema kwamba mbwa hujifunza upesi kile akipendacho, na kwamba mtu mgeni katika mchezo, akiona mbwa wake amepita bomba la kitambaa kwa shangwe siku ya kwanza, atarudi wiki ijayo, ilhali yule aliyezungushwa uwanjani mwezi mzima akirekebishwa namna ya kugeuka kona aghalabu hukata tamaa. Husema vilevile kwamba mbwa mwoga hupata ujasiri kwa kupanda ubao uliolazwa chini, kisha ulioinuliwa kidogo, na hapana mwenye insafu awezaye kulikana hilo.

Walakini rai hii ina kasoro nzito kuliko zote zilizotajwa, nayo ni mwili wa mbwa. Mifupa ya mtoto wa mbwa hukua kwa ncha ambazo bado ni gegedu. Ncha hizo hufunga kwa nyakati tofauti kulingana na ukubwa wa mbwa, na kwa wale wakubwa huweza kuchukua mwaka na zaidi, na akihasiwa mapema hukawia zaidi. Mbwa anayerushwa viunzi virefu au kuzungushwa vigingini kabla ya wakati huo huweza kupata jeraha lisiloonekana leo, likaja kuonekana akiwa na miaka minne au mitano, wakati ambao ndio alipaswa kuwa katika ubora wake. Hata kwa mbwa wazima mchezo huu hauna salama kamili: utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliokusanya majibu ya waongozaji wengi, ulionyesha kwamba takriban theluthi moja ya mbwa wa ajiliti walikwisha kuumia, na sehemu zilizoumia sana zilikuwa bega na mgongo. Ugeni katika mchezo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoambatana na hatari hiyo.

Ni kwa sababu hiyo vyama vyenyewe vimeweka mipaka ya umri. Kwa kanuni za Kennel Club ya Uingereza na za FCI, mbwa haruhusiwi kushindana katika ajiliti kabla ya kutimiza miezi 18. Kwa American Kennel Club ni miezi 15. Katika utiifu, Uingereza na Marekani humruhusu tangu miezi 6. Anayezisoma kanuni hizi kwa makini ataona kwamba baina ya mlango mmoja na mwingine kuna takriban mwaka mzima, na mwaka huo ndio utakaotupa jawabu.

Mzozo wa mbinu

Nyuma ya swali la mchezo gani utangulie kuna swali jingine, ambalo kwa rai yangu ndilo kubwa: mbwa afunzwe kwa nguvu au kwa zawadi? Njia ya nguvu ina historia ndefu. Kitabu cha Konrad Most wa Ujerumani, aliyefunza mbwa wa polisi, kilitoka mwaka 1910, na mafunzo ya mbwa wa vita yaliieneza mbinu ya kuvuta kamba na kuadhibu. Nchini Marekani William Koehler, aliyepata kufunza mbwa wa jeshi, aliipanga upya katika kitabu chake cha mwaka 1962. Iliungwa mkono na dhana kwamba mbwa, kwa kuwa ni wa ukoo wa mbwamwitu, humtii tu yule aliyemshinda. Dhana hiyo ilitokana kwa sehemu kubwa na uchunguzi wa Rudolf Schenkel wa mwaka 1947 juu ya mbwamwitu waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama; na L. David Mech, aliyeieneza kwa kitabu chake cha 1970, mwenyewe aliisahihisha mwaka 1999, baada ya kuwaona mbwamwitu wa porini wakiishi kama familia, wazazi na watoto wao.

Njia ya pili ilitoka katika maabara ya B. F. Skinner na wanafunzi wake Keller na Marian Breland, na ikafikishwa kwa watu wa kawaida na Karen Pryor, aliyekuwa mfunzi wa pomboo, kwa kitabu chake cha mwaka 1984. Pomboo hafungiki kamba. Anayetaka atende jambo hana budi kumfanya alitake. Kutokana na hapo kilienea kidude kidogo cha kubonyeza, ambacho mlio wake humjulisha mbwa kwamba tendo alilolifanya sasa hivi, wala si jingine, ndilo litakalolipwa.

Haki ya njia ya nguvu isemwe: ilitoa mbwa wengi sahihi uwanjani, na huweza kuzuia tendo baya kwa haraka. Lakini utafiti uliofanywa Ureno na kuchapishwa mwaka 2020, ukilinganisha mbwa wa shule zitumiazo zawadi na wa shule zitumiazo maumivu na vitisho, ulikuta kwamba hawa wa pili walionyesha dalili nyingi zaidi za dhiki wakati wa mafunzo, na homoni ya dhiki katika mate yao ilipanda. Na fauka ya hayo, ajiliti yenyewe ndiyo iliyoidhihirisha hasara ya mabavu. Mbwa aliye umbali wa mita kumi, bila ya kamba, akikimbia kasi kuliko mwongozaji wake, hawezi kulazimishwa. Akiwa hataki, mchezo umekwisha.

Njia ya zawadi nayo ina mtego wake, na wageni wengi hunaswa. Chakula hakiruhusiwi uwanjani siku ya shindano. Kwa hiyo mbwa aliyezoea kufuata kipande cha nyama kilichoshikwa mbele ya pua yake, siku hiyo hukuta mkono mtupu akapotewa. Zawadi sharti ije baada ya tendo, itoke mahali ambapo mbwa haioni, na ipunguzwe kidogo kidogo kwa nafasi zisizotabirika, hata mbwa afanye mazoezi matano au sita kabla ya kulipwa. Kazi hii inataka subira na hesabu, na pasipo mkufunzi wa kumwangalia, mgeni aghalabu huwahi au huchelewa.

Mbwa na klabu

Kuhusu aina ya mbwa, yatoshe machache. Ni kweli kwamba Border Collie, mbwa wa kuchungia kondoo katika mipaka ya Uingereza na Uskoti, ametawala viwanja vyote viwili. Lakini ushindi wake ni wa wataalamu, na katika nyumba ya mtu asiye na wakati humtesa mwenyewe naye akateseka. Basenji, mbwa wetu wa misitu ya Kongo aliyepelekwa Crufts mwaka 1937, hutii kwa hiari yake zaidi kuliko kwa amri, na mwenye kumchagua na alijue hilo mapema. Mbwa chotara pia hana sababu ya kubaki nje: Kennel Club ya Uingereza humsajili kwa michezo hii, na American Kennel Club humpokea tangu mwaka 2010. Anayeanza na aanze na mbwa aliye naye, maadamu ni mzima wa afya na hamwogopi mtu.

Klabu ina uzito kuliko kabila la mbwa. Mkazi wa Kenya anaweza kubisha hodi kwanza katika East Africa Kennel Club mjini Nairobi; walioko Ulaya na Amerika hupata klabu karibu katika kila mji. Dalili ya klabu njema haimo katika vikombe vilivyopangwa kabatini. Nenda bila mbwa, kaa pembeni, tazama mikia na masikio ya mbwa wa wanafunzi wageni. Ukiona mkia umefichwa na masikio yamelazwa nyuma, au mbwa wa miezi minane anarushwa kiunzi kirefu, shika njia yako.

Mizani

Zikipimwa rai hizi mbili, naona kwamba kila moja imeshika nusu ya haki, na kwamba mwamuzi baina yao ni mifupa ya mbwa. Maadamu mwili wake haujawa tayari kuruka, na maadamu akili yake iko tayari kujifunza tangu utotoni, mwaka wa kwanza ni wa utiifu kwa lazima ya maumbile. Lakini utiifu huo ufunzwe kama watu wa ajiliti wanavyotaka: kwa zawadi, kwa vipindi vifupi, mbwa akifanya kazi upande wa kulia kama wa kushoto, akitumwa mbali kama aitwavyo karibu, na akipewa ruhusa ya kukimbia ikiwa ndiyo malipo ya kungoja. Kupita bomba lililonyooka, kukanyaga ubao uliolazwa chini na kuzunguka kigingi kimoja ni mambo yasiyodhuru mifupa michanga, na yanaweza kuanza mapema.

Hasara ya njia hii ni kuchelewa: mwenye kuifuata atawaona wenzake wakipiga picha za mbwa wao wachanga hewani, ilhali wake bado anajifunza kungoja. Asibabaike. Mwenye mbwa mchanga leo na amvishe ukanda, amfunze kuitika na kungoja, ampeleke kwa daktari wa mifugo akaguliwe nyonga na viwiko anapokaribia mwaka mmoja na nusu, na kiunzi cha kwanza cha urefu wa mashindano kisiwekwe mbele yake kabla ya hapo.